Tairi la Theluji Kwenye Utelezi wa Kasulu

Kwa fundi pancha mmoja mjini Kasulu nililikuta tairi limeegemezwa kwenye beseni la maji, likisubiri kuzamishwa ili ionekane linavujia wapi. Ubavuni, chini ya tope jekundu lililokauka, palikuwa na mchoro mdogo: mlima wa vilele vitatu, na ndani yake chembe ya theluji. Fundi alibonyeza kashata, yale matuta ya mpira yanayokanyaga barabara, kwa kidole gumba. "Bado linadai hili," akasema, "ila laini kama andazi."

Mwenye tairi, dereva wa mchomoko anayebeba abiria kwenda Makere, alisema lilikuja na Probox yake kutoka Japani. Ule mchoro hakuwahi kuuona.

Kaskazini mwa Japani huanguka theluji nyingi, na wenye magari huko huwa na seti mbili za matairi: ya majira ya joto na ya baridi. Gari likiuzwa katika miezi ya baridi, huweza kupanda meli na kilichoko miguuni mwake. Ndiyo maana tairi lililoumbwa kwa barafu huishia kwenye vumbi la Buha, huku Kigoma.

Siri yake ya kwanza ni mpira wenyewe. Chukua mfano wa mawese. Mchana hutiririka, lakini asubuhi ya Julai pale Kibondo, watu wakiwa ndani ya makoti, yameganda kwenye kidumu mpaka uyasogeze jikoni. Mpira wa tairi la kawaida nao hukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi, na mpira uliokakamaa hauishiki barabara. Wa tairi la baridi umechanganywa ili ubaki laini hata maji yakiwa yameganda. Shida ni kwamba baridi ya Kibondo, pamoja na makoti yote yale, haifiki nyuzi 7.

Siri ya pili inaonekana kwa jicho. Kila kashata imechanjwa mikato myembamba, kana kwamba mtu amepita na wembe. Kinachotelezesha gari juu ya barafu hasa ni utando mwembamba wa maji ulio juu yake. Mikato ile huukwangua na kuunywa. Mwaka 1988 kampuni ya Bridgestone ilitoa Blizzak, tairi ambalo mpira wake una vitundu vidogo mno kama sifongo, kwa kazi hiyohiyo ya kufyonza maji. Wakati huo Wajapani wengi walikuwa bado wanatumia matairi yenye misumari ya chuma. Misumari ilishika barafu vizuri, lakini ilisaga lami hadi vumbi lake likawa kero mijini, na mwaka 1990 ikatungwa sheria ya kuizuia.

Sasa twende kwenye tope, maana hapo ndipo wengi tunapodanganyika. Mvua za Kigoma huanza Oktoba au Novemba na kwenda hadi Mei, na barabara ya udongo ikishalowa, gari hutembea ubavu kama kaa. Tairi lenye kashata nene na herufi M+S ubavuni, yaani matope na theluji, linaonekana ndilo jibu lenyewe. Lakini herufi zile mtengenezaji hujiandikia kwa kuangalia umbo la kashata tu. Ule mlima wenye chembe ndio unaopatikana kwa mtihani, na mtihani wenyewe ni wa theluji.

Theluji ukiifinyanga hushikana. Tairi la baridi huijaza makusudi kwenye mifereji yake, kwa sababu theluji hung'ang'ania theluji kuliko inavyoung'ang'ania mpira. Udongo mwekundu uliolowa hauna wema huo. Ukijaa kwenye mikato ya wembe hautoki, na baada ya mizunguko michache tairi limekuwa kipara cha tope juu ya tope. Tairi la matope huwa na kashata zilizoachana sana, ili likizunguka liutupe udongo nje. Mara nyingi hata wembamba husaidia: matairi ya 7.50-16 ya Land Rover za zamani yalikuwa yakikata lile tope laini la juu mpaka yakakuta moramu ngumu chini.

Kwa hiyo kwenye tope tairi la theluji halina ajabu, ingawa pia si balaa. Balaa, kwa maoni yangu, inakuja na lami. Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha mwaka 2018 mkopo wa kujenga kwa lami barabara ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, kilomita 260 hivi. Palipokuwa pa kwenda kwa gia ya pili, pakishawekwa lami dereva anakanyaga kilomita 80 kwa saa, ambayo ni mita 22 kila sekunde. Lami ikipigwa na jua la saa saba huwa ya moto kuliko hewa iliyo juu yake. Mpira ule laini hulegea, kashata zilizochanjwa hupinda unapofunga breki, gari linachelewa kusimama, na tairi linalika upesi.

Nikamwonyesha fundi vijiukuta vidogo vilivyojitokeza ndani ya mifereji. Ni alama ya Wajapani: kashata ikifika usawa wake, yaani ikishalika nusu, tairi halifai tena kwa theluji. Kule limestaafu. Hapa nusu iliyobaki ndiyo inayotufanya tuseme bado linadai.

"Mengine matatu yakoje?" fundi akamuuliza dereva.

"Ya nyuma ya kawaida. La mbele lile jingine ni kama hili."

Fundi akanyamaza kidogo, akatazama mawingu upande wa Makere. "Basi mbele yanashika kivyake na nyuma kivyake, kaka. Pakilowa, kwenye kona gari linaweza kukuponyoka." Akalizamisha tairi. Mapovu yakatokea kwenye mkunjo wa ubavu, mahali ambapo kiraka hakishiki.