Wasichana wa Thika na Ruiru wasiohesabiwa miongoni mwa wasio na kazi

MJI wa Thika umejulikana kwa miaka mingi kama Birmingham ya Kenya kutokana na wingi wa viwanda vyake. Mananasi husindikwa katika kiwanda cha Del Monte, magari huunganishwa katika kiwanda cha KVM na vitambaa hufumwa katika Thika Cloth Mills. Hata hivyo, katika mitaa kama Kiandutu mjini humo, au Kihunguro katika mji jirani wa Ruiru, si ajabu kuwakuta wanawake vijana wakishinda nyumbani mchana kutwa, na wengi wao hawamo hata katika hesabu ya wasio na kazi.

Chanzo cha kitendawili hicho ni maana ya maneno. Kwa wataalamu wa takwimu, aliyefanya kazi ya malipo kwa saa moja tu katika siku saba zilizopita ana kazi. Asiye na kazi ni yule ambaye hakuipata ingawa yu tayari kuifanya, na aliitafuta katika majuma manne yaliyotangulia. Mwingine yeyote yuko nje ya nguvu kazi, awe mwanafunzi, mgonjwa au mama anayelea.

Mchukulie msichana wa miaka 22 aliyejifungua mwaka jana. Alikuwa akirauka kusimama langoni mwa kiwanda akingoja kuteuliwa kibarua. Tangu ajifungue hajaenda tena, kwa kuwa hana wa kumwachia mtoto. Hatafuti kazi, basi kwa takwimu hakosi kazi. Kwamba anachota maji, anafua, anapika na kulea hakumwingizi katika hesabu, kwani mkutano wa kimataifa wa wanatakwimu wa kazi uliofanyika Geneva mwaka 2013 uliamua kuwa shughuli za mtu kwa ajili ya nyumba yake ni kazi, lakini si ajira.

Ukubwa wa kazi hiyo isiyo na ujira unajulikana. Uchunguzi wa matumizi ya wakati uliofanywa na Shirika la Takwimu la Kitaifa, KNBS, mwaka 2021 ulionyesha kuwa wanawake nchini hutumia takribani saa nne na nusu kwa siku katika kazi za nyumbani na malezi. Wanaume hawafikishi hata saa moja.

Zamani mambo yalikuwa tofauti kidogo. Ruiru ilizungukwa na mashamba ya kahawa, na hata aina ya mbegu iliyotolewa mwaka 1985, Ruiru 11, ilipewa jina la mji huo. Kuchuma kahawa kulikuwa na ujira mdogo, lakini mama aliweza kwenda shambani na mtoto mgongoni, akalipwa kwa debe. Mashamba mengi sasa ni nyumba za kupangisha, na sehemu ya ardhi hiyo ndiyo Tatu City. Wakazi wa Ruiru waliongezeka kutoka 238,858 mwaka 2009 hadi 490,120 mwaka 2019, huku barabara kuu ya Thika ikifunguliwa rasmi mwaka 2012. Wengi ni wageni waliokuja kupanga. Nyanya ambaye angemshika mtoto amebaki mashambani. Nacho kiwanda hakimruhusu mtu kusimama kwenye mashine na mtoto mgongoni.

Vituo vya kulelea watoto vipo mitaani, ila ada ya kila siku hula sehemu kubwa ya ujira wa kibarua, tena vingi hufungwa kabla ya zamu ya usiku kuanza.

Utafiti uliofanywa mtaani Korogocho, Nairobi, uliwapa baadhi ya akina mama ruzuku ya kulipia vituo hivyo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kuwa uwezekano wao wa kuwa na ajira ulipanda kwa pointi 8.5 za asilimia ukilinganishwa na wasiopewa. Walioolewa ndio walionufaika zaidi kwa kupata kazi. Wasio na waume, ambao wengi walikuwa wakifanya kazi tayari kwa kukosa budi, walipunguza saa za kazi bila mapato yao kushuka.

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inawataka waajiri watenge chumba cha kunyonyeshea kazini, nayo Sheria ya Ajira ya 2007 inatoa likizo ya uzazi ya miezi mitatu yenye malipo kamili. Manufaa hayo humfikia aliyekwisha kuajiriwa. Kibarua aliyeachwa nje ya lango hayamhusu.