Je, Wajua? Intaneti ya Mji Hulipwa na Nani?

Mwaka 2014 Kaunti ya Nakuru, Kenya, ilizindua intaneti ya bure mjini iliyoitwa Bilawaya, kwa ubia na kampuni ya Liquid Telecom. Katika ubia wa namna hii, kwa kawaida mji hutoa nguzo za taa na mapaa. Kampuni huleta mitambo ikitarajia wateja au matangazo. Matarajio yakififia, huduma huyumba: huko Philadelphia, Marekani, kampuni ya EarthLink ilijitoa katika mradi wa intaneti ya mji mwaka 2008.

Tanzania imechukua njia nyingine, yenye manufaa zaidi kwa vijiji kama vya Newala, ukingoni mwa uwanda wa Makonde unaotazama bonde la Ruvuma. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioanzishwa kwa sheria ya 2006, huzipa kampuni za simu ruzuku zijenge minara pasipo na faida. Mnara hubaki wa kampuni. Mkulima wa korosho wa huko hununua bando kwa fedha yake.