Majina ya Kompyuta Zifanyazo Kazi kwa Pamoja

Kompyuta kadhaa zikiunganishwa ili zitunze hesabu kwa pamoja, kila moja hupewa anwani ya tarakimu, kwa mfano 192.168.1.11, pamoja na jina. Hutokea katibu akafungua ukurasa wa kompyuta kuu bila shida, lakini akibonyeza kiungo cha kompyuta nyingine, ukurasa haufunguki. Asidhani kwamba hesabu zimepotea, wala asiharakishe kumlipa fundi. Huenda kiungo kimetaja jina lijulikanalo ndani ya kundi tu.

Dawa ni kuandika anwani na jina hilo katika faili liitwalo hosts, ndani ya kompyuta anayoitumia, mradi anwani hiyo ifikike kutoka hapo alipo.

Mashine zikiwa nyingi, mafaili hayo hupishana upesi. Huko Marekani, majina ya mtandao wa Arpanet yalitunzwa katika faili moja, hata likaelemewa. Mwaka 1983 Paul Mockapetris alibuni DNS, yaani rejista ya majina iulizwayo na mashine zote.

Hivyo, penye kompyuta nyingi hapana budi rejista iwe moja na mtunzaji ajulikane, kama ilivyo kwa daftari la wanachama. Kila badiliko liandikwe siku ile ile.