Sandarusi ya Kilwa na Sakafu ya Mafuta

Katika nyumba nyingi zenye sakafu ya saruji, Kilwa hata Lindi, siku hizi twaona pametandikwa zulia la plastiki lenye maua, linalouzwa kwa mita. Hatuwalaumu wenye nyumba: bei yake ni nafuu, nalo hufutika upesi. Lakini twapenda kuwaeleza habari za sakafu nyingine, ifanywayo kwa vitu vya shamba na vya msitu, maana pwani yetu nayo ilikuwa na kitu cha jamaa yake.

Sakafu hiyo ni linoliamu. Mwingereza Frederick Walton aliona utando juu ya rangi ya mafuta iliyoachwa wazi, mgumu lakini wenye kunepa kama ngozi, akaanza kujaribu. Mwaka 1863 akapata hati ya uvumbuzi wake. Mafuta yale ni ya mbegu za kitani, nayo yakipata hewa huganda. Hugandishwa, hupikwa pamoja na utomvu wa misonobari, ndipo hutiwa unga wa mbao, unga wa mawe ya chokaa, rangi, na unga wa gome lile jepesi la kufanyia vizibo vya chupa. Kisha hubanwa juu ya kitambaa cha juti, kile cha magunia, na kutundikwa katika chumba cha joto majuma kadhaa mpaka ikomae.

Zamani walitia pia utomvu wa mti wa kauri, uliochimbwa ardhini huko New Zealand. Wazee wa Kilwa wasingalistaajabu, maana sandarusi ilichimbwa vivyo hivyo. Ile iliyotoka mtini iliitwa chakazi, nayo ilikuwa ya bei ndogo. Iliyotakiwa ni ile iliyolala udongoni miaka mingi mno, mara nyingi mahali ambapo msandarusi wenyewe umekwisha kutoweka. Watu walingoja mvua ilainishe ardhi, wakachimba vishimo kwa jembe. Sandarusi njema, ikiisha kuoshwa, ilionekana ina vipele kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa, na pengine ndani yake mna mdudu mzima.

Ilipelekwa Unguja, na kutoka huko wafanya biashara wa Salem, Marekani, waliichukua kwao. Wafanyaji wa vanishi waliipika katika mafuta yaleyale ya kitani, wakapaka magari ya farasi na samani. Wala tusifiche jambo hili: bandari ya Kilwa Kivinje iliyotoa sandarusi ilitoa na watumwa, hata Sultani Barghash alipoikataza biashara hiyo baharini mwaka 1873.

Baadaye viwanda vilifanya utomvu wa kubuni, bei ya sandarusi ikaanguka. Linoliamu nayo ilisukumwa kando na plastiki, ila kule Kirkcaldy, Scotland, yafanywa hata leo. Ikichakaa, huoza. Zulia la plastiki halifanyi hivyo, na hapa twawasihi akina mama: msilichome nyuma ya nyumba, wala msiwashie moto kwa vipande vyake. Mengi ni ya plastiki iitwayo PVC, na moshi wake una asidi ya kuunguza koo na kifua, pamoja na sumu nyingine. Na walio karibu na moto jikoni ni watoto.

Hatusemi mnunue linoliamu, maana ni ghali. Kwa maoni yetu mkeka wa ukindu juu ya saruji iliyosuguliwa vema watosha, tena fedha yake hubaki kwa msukaji aliye jirani.

Msandarusi, ambao wengine huuita mnangu, ungali waota katika misitu ya pwani, lakini hukatwa kwa mbao na kuni. Mwalimu aliye karibu na msitu aweza kuwapeleka watoto wauone. Majani yake hukaa mawili mawili kama mapacha, na tunda lake ni gumu, lina vipele nje. Wakikwaruza kipele kimoja kwa ukucha, wataiona sandarusi yenyewe.