Je, Wajua? Kazi ipo, mfundishaji je?

Je, wajua kwamba makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, Uganda, yalifunguliwa mwaka 1958 kwa ajili ya Wanyarwanda? Leo Wakongo ndio wengi.

Je, wajua kwamba Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea nchini? Kwa hiyo kijana wa Nakivale mwenye hali ya Down hazuiwi na sheria akitaka kuosha makopo ya maziwa mjini Mbarara. Anazuiwa na nauli, na jirani anayesema, "Huyo mwacheni, hajui kitu."

Je, wajua kwamba malaria ikipanda kichwani inaweza kumwachia mtoto ulemavu wa akili wa maisha? Vivyo hivyo kukosa hewa wakati wa kuzaliwa. Wala si laana.

Je, wajua kwamba mwaka 1972 Mmarekani Marc Gold alichapisha utafiti wa watu 64 wenye ulemavu wa akili waliofundishwa kuunganisha breki za baiskeli, moja ya vipande 15, nyingine ya vipande 24? Hakuwahutubia. Aliikata kazi kuwa hatua ndogondogo, akaonyesha, na mtu akikosea akamwelekeza ajaribu namna nyingine. Chukua maharage ya Nakivale: mimina kwenye ungo, toa mawe, toa yaliyooza, peta, tia guniani. Hatua 5. Anayeshindwa zote kwa mpigo anaweza kushika ya kwanza leo na ya pili wiki ijayo. Haraka ya bosi ndiyo inayoharibu.

Je, wajua kwamba sheria ya kodi ya mapato ya Uganda inampunguzia mwajiri binafsi asilimia 2 ya kodi anayodaiwa, ikiwa asilimia 5 ya waajiriwa wake wa muda wote ni watu wenye ulemavu? Penye wafanyakazi 20, ni mtu 1 tu. (Fundi wa kibandani asiyelipa kodi hiyo haambulii kitu, na mafundi kama huyo ndio wengi.)

Je, wajua kwamba vikundi vya kuweka na kukopa vya kijijini, mtindo ulioanzia Niger mwaka 1991, huhesabu hisa kwa mihuri kwenye kijitabu? Sanduku lina kufuli 3, kila ufunguo kwa mtu wake. Asiyejua kusoma anaona akiba yake ikikua, na kila kikao anaketi na wenzake, anaitwa kwa jina. Kwa mwenye ulemavu aliyezoea kufungiwa ndani wageni wakija, hilo si dogo.

Je, wajua kwamba Uganda iliridhia Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2008, na kifungu cha 27 kinadai ujira sawa kwa kazi yenye thamani sawa? Kumlipa mtu mwenye ulemavu sahani ya posho na maharage huku wenzake wakipokea shilingi ni kumdhulumu.