Je, Wajua? Milango ya Vyama vya Siasa Tanzania

Je, wajua kwamba siku TANU ilipozaliwa, mtaa ilikozaliwa haukuwa ukiitwa Lumumba? Tarehe 7 Julai 1954 mtaa ule wa Dar es Salaam, pembeni mwa Mnazi Mmoja, uliitwa New Street. Patrice Lumumba mwenyewe alikuwa kijana wa miaka 29, karani wa posta huko Stanleyville, Kongo. Mtaa ulipewa jina lake baada ya kuuawa Januari 1961. Leo ukisoma gazetini kwamba "Lumumba wamekaa kikao", huhitaji kuelezwa ni chama gani.

Waliokutana siku ile walikuwa watu 17. Nyumba waliyokutania ilikuwa ya chama kilichotangulia, TAA, kilichoanza mwaka 1929 kikiitwa African Association. Kwa hiyo TANU haikuanza kwa kutafuta pa kukaa, kwa kuwa ilirithi ofisi, wanachama na hata rais. Julius Nyerere alikuwa amechaguliwa kuongoza TAA tarehe 17 Aprili 1953 katika ukumbi wa Arnautoglo, palepale jirani. Na alikuwa bado mwalimu wa sekondari ya Pugu. Mpaka alipoacha kazi mwaka 1955, chama kilichokuja kuleta uhuru kiliongozwa na mtu mwenye vipindi vya kufundisha na madaftari ya wanafunzi ya kusahihisha.

Nyumba ya mwanzo haipo tena katika umbo lake, lakini kiwanja ni kilekile, na CCM inaendelea kukitumia kama ofisi ndogo ya makao makuu. Laiti kila mwanafunzi wa Dar es Salaam angepelekwa pale walau mara moja, akaonyeshwa: Saba Saba unayoijua kwa maonyesho ya biashara chimbuko lake ni hapa.

Je, wajua kwa nini tarehe 5 Februari imejaa mambo? ASP ya Zanzibar ilizaliwa 5 Februari 1957. Azimio la Arusha lilitangazwa 5 Februari 1967. TANU na ASP zikaungana kuwa CCM tarehe 5 Februari 1977. Hiyo ya mwisho ilichaguliwa makusudi, ili chama kipya kizaliwe siku ASP ilipotimiza miaka 20.

Na je, wajua kwamba kabla ya hapo nchi ya chama kimoja ilikuwa na vyama viwili? Katiba ya muda ya mwaka 1965 iliitangaza Tanzania kuwa nchi ya chama kimoja, lakini chama hicho kilikuwa TANU upande wa Bara na ASP upande wa Zanzibar. Hali hiyo ilidumu miaka 12.

Sasa tuvuke bahari, maana hakuna ofisi ya chama Tanzania iliyobeba uzito kama Kisiwandui. Hapo ndipo palipokuwa makao makuu ya ASP, mjini Unguja. Jioni ya tarehe 7 Aprili 1972, Mzee Abeid Amani Karume, Rais wa Zanzibar na Makamu wa Kwanza wa Rais wa Jamhuri ya Muungano, alikuwa ofisini hapo na wenzake wakicheza bao. Watu wenye silaha wakaingia wakampiga risasi, akafariki. Alizikwa hapohapo. Kwa hiyo Kisiwandui ni ofisi ya chama na pia ni kaburi la kiongozi wa nchi. Wanachama huja kwa mikutano, na kila mwaka tarehe 7 Aprili, siku ambayo taifa zima hupumzika, viongozi huja kwa dua. Naliona jambo moja hapa linalostahili kutajwa waziwazi: mkuu wa serikali ya Mapinduzi alikuwa akimalizia siku yake kwenye baraza la chama, akicheza na watu anaowajua, wala si nyuma ya kuta za Ikulu. Kila anayeandika historia ya siasa za Zanzibar aanze kwa kulielewa baraza hilo.

Je, wajua kwamba uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma ulipitishwa na chama? Ilikuwa mwaka 1973, chini ya TANU. Serikali ilichukua zaidi ya miaka 40 kuhamia kikweli, lakini CCM ilitangulia mapema, na jengo lake jeupe la Dodoma wenyeji wamelizoea kwa jina la "White House".

Dodoma hiyohiyo ndiko kuliko Chimwaga. Ukumbi huu uliokuwa wa CCM una kisa ambacho kingefaa riwaya. Mwaka 1995 wajumbe wa Mkutano Mkuu walikaa humo kumchagua mgombea urais. Walibaki watatu: Cleopa Msuya, Jakaya Kikwete na Benjamin Mkapa. Katika duru ya kwanza Kikwete aliongoza, Msuya akatoka. Duru ya pili Mkapa akapita. Miaka kumi baadaye, 2005, Kikwete alirudi kwenye ukumbi uleule, safari hii akateuliwa. Na mwaka 2007, yeye akiwa Rais, Chimwaga ikawa kiini cha Chuo Kikuu cha Dodoma. Naomba vijana wanaosoma pale walijue hilo: ni katika ukumbi huo marais wawili walipatikana.

Ofisi ndogo kuliko zote, je, waijua? Ni sebule ya balozi. Katikati ya miaka ya 1960 TANU iliweka mfumo wa nyumba kumi: kila nyumba kumi ni shina lenye kiongozi wake, balozi, na huyo ndiye mlango wa kwanza wa chama. Hana kibao wala karani. Ana daftari, na ana wazee, wapangaji na majirani wanaogombana kwa ajili ya mpaka wa uwanja au kelele za usiku. Mgeni akiingia mtaani, barua yake ya utambulisho ilianzia kwa balozi. Juu ya shina kuna tawi, kisha kata, wilaya, mkoa, hadi taifa. Chadema nayo baadaye ilijenga ngazi zake kuanzia chini, ikiita ile ya chini kabisa "msingi", na katikati ya mkoa na taifa ikaongeza kanda. Watu wengi wakitaja nguvu ya chama hutazama umati wa viwanjani. Mimi huuliza kwanza nani anawafahamu wakazi wa nyumba kumi.

Matawi hayakuwa mitaani tu. Hadi mwaka 1992 palikuwa na matawi ya chama viwandani, katika ofisi za serikali, hata jeshini, na askari walikuwa na kadi. Vyama vingi viliporudi, matawi hayo ya kazini na kambini yakaondolewa.

Je, wajua kwamba Watanzania wengi waliohojiwa hawakutaka vyama vingi? Tume iliyoongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliyoundwa mwaka 1991, ilikuta karibu asilimia 80 wanapenda kubaki na chama kimoja. Hata hivyo tume ilipendekeza mfumo ubadilishwe, kwa kuwa humusi ya raia nayo ina haki ya kusikika, na tarehe 1 Julai 1992 mlango ukafunguliwa. Msajili wa kwanza alikuwa Jaji George Liundi.

Sheria ya Vyama vya Siasa ya 1992 ina masharti ambayo kila kijana anayetamani kuanzisha chama ayajue. Usajili wa muda huja kwanza. Kupata wa kudumu, chama kinahitaji wanachama wasiopungua 200 katika kila mmoja wa mikoa isiyopungua kumi, na kati ya mikoa hiyo uwepo mmoja wa Unguja na mmoja wa Pemba. Kisiwe cha dini, kabila wala eneo. Na kimpe Msajili mahali ofisi kuu ilipo, pamoja na anwani ya posta. Sharti la Zanzibar ndilo lililomzuia Mchungaji Christopher Mtikila kwa muda mrefu. Hakuutambua Muungano, akakataa kutafuta wanachama visiwani, na chama chake cha DP kikasubiri hadi mwaka 2002 kusajiliwa. Kufikia 2025 vyama vyenye usajili wa kudumu vilikuwa 19.

Chama chenye mali nyingi kuliko vyote ni CCM, na hapa wapenzi wa soka wanaijua hadithi vizuri kuliko wanasiasa. Kirumba ya Mwanza inabeba jina la chama kabisa. Sokoine ya Mbeya, Jamhuri ya Dodoma, Majimaji ya Songea, Samora ya Iringa, Sheikh Amri Abeid ya Arusha, Ali Hassan Mwinyi ya Tabora: vyote ni viwanja vya CCM. Vilijengwa zama za chama kimoja, wakati mchango wa mwananchi kwa chama na mchango wake kwa nchi haukutenganishwa, na ndiyo maana wapinzani wamekuwa wakidai miaka yote kwamba virudishwe kwa umma. Naona hoja yao ina uzito. Mkulima aliyekatwa fedha za mazao yake kujenga uwanja hakuulizwa kama anakichangia chama au wilaya yake.

Desemba 2017 mwenyekiti wa CCM wa wakati huo, John Magufuli, aliunda tume ya kuhakiki mali za chama, ikiongozwa na Dakta Bashiru Ally, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ripoti ilikabidhiwa Mei 2018. Mwezi uleule Bashiru akawa Katibu Mkuu wa chama alichokuwa akikihesabia majengo.

Je, wajua kwamba ofisi zinaweza kuhama chama bila kuhama mtaa? Kisa cha CUF hakina mfano. Chama hiki kilizaliwa 1992 kwa kuunganisha Kamahuru ya Zanzibar na Chama cha Wananchi cha James Mapalala. Makao makuu yakawa Mtendeni, Unguja, na ofisi kuu ya Bara Buguruni, Dar es Salaam. Miaka mingi nguzo mbili za chama zilisimama pamoja: Maalim Seif Sharif Hamad, Katibu Mkuu, na Profesa Ibrahim Lipumba, Mwenyekiti. Agosti 2015 Lipumba akajiuzulu. Mwaka uliofuata akasema amerudi, na Septemba 2016 aliingia Buguruni na wafuasi wake kwa nguvu. Kuanzia hapo CUF ilikuwa na pande mbili, na mwenye Buguruni hakuwa na Mtendeni.

Tarehe 18 Machi 2019 Mahakama Kuu ikatamka kwamba Lipumba ndiye mwenyekiti halali. Siku hiyohiyo Maalim Seif alitangaza kuhamia ACT-Wazalendo. Wito ulikuwa wa mabaharia: shusha tanga, pandisha tanga, safari iendelee. Katika muda wa saa chache bendera za CUF zilishushwa Unguja na Pemba, kuta zikaanza kupakwa zambarau ya ACT. Hoja ya waliohama ilikuwa kwamba majengo yale yalitolewa na wanachama, si ya chama. Kuna mahakama na kuna karatasi za umiliki, lakini mtu aliyekitolea chama nyumba yake ndiye aliyeamua rangi ya ukuta. Maalim alifariki Februari 2021, na makao makuu ya ACT-Wazalendo, Magomeni, Dar es Salaam, yana jina lake.

Chadema, kilichoasisiwa na Edwin Mtei, gavana wa kwanza wa Benki Kuu, kilikaa miaka mingi katika nyumba ya kawaida Mtaa wa Ufipa, Kinondoni, hadi mtaa ukawa jina la pili la chama, kisha kikahamia Mikocheni. Juni 2025 Mahakama Kuu ilikizuia kwa muda kufanya shughuli za siasa na kutumia mali zake, katika kesi ambayo walalamikaji walidai mgawanyo wa rasilimali kati ya Bara na Zanzibar si wa haki. Amri ya namna hiyo hufika hadi kwenye kitasa cha mlango wa ofisi, na inamgusa katibu wa kata asiyewahi kumwona jaji.

Je, wajua ni vyama gani vya nchi nyingine vilivyokuwa na ofisi Dar es Salaam? ANC na PAC za Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia, ZAPU ya Zimbabwe, MPLA ya Angola. Na Frelimo ya Msumbiji ilizaliwa hapahapa, tarehe 25 Juni 1962, vyama vitatu vya wakimbizi vilipoungana. Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975, ilichagua siku hiyohiyo ya 25 Juni.

Ofisi ya Frelimo ilikuwa Mtaa wa Nkrumah. Asubuhi ya 3 Februari 1969 rais wake, Eduardo Mondlane, alipitia hapo kuchukua barua, kisha akaenda kwenye nyumba ya rafiki Oyster Bay kufanya kazi kwa utulivu. Kifurushi kimoja kilikuwa kitabu chenye bomu. Kilimlipukia akifungua. Wapita njia wa Mtaa wa Nkrumah leo hununua vipuri na kugombea daladala bila kujua.

Miezi mitatu baadaye ANC ilikutana Morogoro, kuanzia 25 Aprili hadi 1 Mei 1969. Katika mkutano huo ndipo wanachama walio uhamishoni walipofunguliwa mlango bila kujali rangi. Karibu na mji huo, Mazimbu, kwenye shamba la mkonge lililotolewa na Tanzania, ANC ilijenga shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na serikali ya makaburu mwaka 1979. Shule, mabweni, hospitali na karakana vyote vilikabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1992, na sasa ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine.

Na Kibaha? Tangu Februari 2022 kuna Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere, iliyojengwa kwa msaada wa chama tawala cha China. Ni ya vyama sita kwa pamoja: CCM, ANC, Frelimo, MPLA, SWAPO na ZANU-PF.