Msanii Alipwe Ili Aseme Nini?

Wapo askari ambao, wakisikia kwamba fedha zimetengwa kwa ajili ya waimbaji na waigizaji ili wapige vita siasa za chuki, hutikisa vichwa na kuuliza kwa nini fedha hizo zisingenunua buti au redio za mawasiliano. Swali hilo si la kipuuzi, wala hatukusudii kulikwepa. Walakini, kabla ya kulijibu, yafaa tuitazame nchi ya Rwanda, ambako sanaa imepata kutumika kwa kubomoa na kwa kujenga.

Simon Bikindi alikuwa mtunzi na mwimbaji mashuhuri, na wakati huohuo mtumishi wa wizara iliyoshughulikia vijana na michezo. Kikundi chake cha ngoma, Irindiro, kilipendwa na wengi. Redio RTLM, iliyoanza kutangaza mwezi wa Julai 1993, ilizipiga nyimbo zake mara kwa mara, hata katika siku zile za 1994 ambapo watu walikuwa wakiuawa kwenye vizuizi vya barabarani. Tarehe 2 Desemba 2008, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokuwa mjini Arusha, ilimhukumu kifungo cha miaka 15.

Ajabu ni kwamba hakutiwa hatiani kwa sababu ya nyimbo. Majaji walikiri kwamba baadhi ya nyimbo hizo zilipanda chuki ya kikabila, ila hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba alizitunga kwa nia ya kuchochea mauaji ya kimbari, wala kwamba yeye ndiye aliyezifanya zitangazwe mwaka ule. Kilichomtia hatiani ni maneno aliyoyatamka kwa kipaza sauti, akiwa katika msafara wa magari kwenye barabara ya baina ya Kivumu na Kayove, mwishoni mwa Juni 1994.

Tumelieleza jambo hili kwa kirefu kwa sababu askari ndiye asimamaye barabarani. Sheria ilimkamata mwenye kipaza sauti, tena baada ya maiti kuzikwa. Wimbo ulikuwa umekwisha kutangulia kwa miaka kadhaa, nao hauwezi kutiwa pingu. Ni nani basi wa kuujibu wimbo, kama si mtunzi mwingine?

Mwaka 2004 shirika moja la Uholanzi, Radio La Benevolencija, lilianza kuwatumia waandishi na waigizaji wa Rwanda, kwa fedha za wafadhili wa Ulaya, watunge mchezo wa redio kwa lugha ya Kinyarwanda. Mchezo huo, Musekeweya, yaani Mapambazuko Mapya, ulitangazwa kila juma na Redio Rwanda. Ndani yake hawatajwi Wahutu wala Watutsi. Kuna vijiji viwili tu, Bumanzi na Muhumuro, vyenye ugomvi wa ardhi. Kuna kijana Shema na binti Batamuriza, wanaopendana katikati ya uhasama huo. Na kuna Rutaganira, kaka wa binti huyo, anayewachochea watu wakishambulie kijiji cha pili. Kila msikilizaji alijua fika ni nini kilichokuwa kikisemwa.

Je, fedha hizo zilizaa matunda? Mtaalamu wa saikolojia kutoka Marekani, Bi. Elizabeth Levy Paluck, alivifuatilia kwa mwaka mzima vikundi vya wasikilizaji, wakiwemo manusura na wafungwa. Baadhi walisikiliza Musekeweya, na wengine walisikiliza mchezo mwingine uliohusu afya. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 2009 hayakuwa ya kushangiliwa kwa vigelegele. Imani za watu mioyoni hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni fikira zao kuhusu lililo halali kutendwa mbele ya jamii: kuoana na watu wa upande wa pili, kuaminiana, na hasa kupinga kwa sauti jambo usilokubaliana nalo.

Mwisho wa mwaka kila kikundi kilipewa redio ya kaseti ili wanakikundi waitumie kwa pamoja. Katika vikundi vya mchezo wa afya, mtu alipopendekeza kwamba kiongozi wa mahali aitunze, wenzake waliitikia mara moja. Katika vikundi vya Musekeweya pendekezo la kwanza lilipingwa, pakawa na mjadala, na watu wakaelekea kuona kwamba wangeweza kuitunza wenyewe.

Twakiri kwamba hapo pana mtihani kwa serikali yoyote itoayo fedha. Anayelipa hupenda kusifiwa, na msanii mwenye njaa hujifunza upesi kusifu. Lakini mwaka 1994 wengi walishika mapanga kwa kuwa waliambiwa na kiongozi wao, na jirani hakuthubutu kuuliza. Kwa afisa wa kituo cha polisi, mwanakijiji anayeuliza “kwa nini?” huenda akaonekana msumbufu, sisi twaona ndiye msaidizi wake wa kwanza.

Wala tusidhani kwamba kuwakusanya watu wazungumze kunatosha. Huko Kivu, mashariki ya Kongo, shirika lilelile lilikuwa na mchezo wa Kiswahili, Kumbuka Kesho. Katika baadhi ya maeneo kiliongezwa kipindi cha kuwahimiza wasikilizaji wajadiliane. Utafiti wa mtaalamu yuleyule, uliotolewa mwaka 2010, ulionyesha kwamba waliosikia nyongeza hiyo walizungumza zaidi, lakini pia walikumbuka zaidi machungu yao. Na walipoombwa wagawe chumvi waliyopewa kwa watu wa kundi wasilolipenda, walikuwa wagumu kuliko wenzao. Yaonekana mazungumzo hayo yalikwangua kidonda, nchi ikiwa bado vitani.

Kwa hiyo jibu letu kwa ndugu wa buti ni hili: buti zinunuliwe, na msanii naye alipwe, lakini kazi yake isomwe kwanza mbele ya watu wa aina zote, kambini na gerezani pia, kabla ya kutangazwa. Na wakiipinga, mtunzi airudie, hata kama mlipaji alikuwa ameipenda.